Mshika Maikrofoni

Kazi yangu ilikuwa ufagio.
Yaani mpini wa ufagio, na kwenye ncha yake
maikrofoni iliyovishwa soksi ya sufu ya kaka yangu
ili upepo wa Chiatura usituharibie filamu.
Nestani alikuwa mwongozaji kwa sababu kamera ilikuwa yake,
na kamera ilikuwa yake kwa sababu mjomba wake
alichoka kupiga picha za harusi
akaenda Polandi kufunga mabomba.
Hadithi aliandika Tornike, kurasa nne:
mtu anakufa kwenye ngazi za kituo cha magari ya waya,
mji mzima unampita bila kumwona.
"Ni fumbo," alisema. Fumbo la nini, hatukuuliza.
Tulikuwa na miaka kumi na saba
na vidole vimekufa ganzi.

Maiti alikuwa Vazha, dereva mstaafu wa magari yale yale,
aliyekubali kufa kwa sigara mbili.
Alikufa vibaya. Alikohoa. Alijikuna.
Mara ya tatu alifumbua jicho moja, akauliza saa.
Mara ya sita theluji ilianza, mwanga ukawa
kama maziwa yaliyotiwa maji,
na Nestani akanong'ona: hii ndiyo,
asipumue mtu, marehemu akiwemo.

Ndipo akatokea Lamara na mikate yake.

Hakuna aliyekuwa amemwambia.
Alitoka tanurini, mtaa wa chini,
mikate miwili mirefu kwapani inafuka mvuke,
akaona mtu kalala kwenye barafu
na watoto watatu wamesimama, wanatazama.
Alitutupia jicho ambalo sijalisahau.
Kisha akafungua shali yake, akamfunika.
Maiti haulizwi sanda, husema watu;
huyu aliulizwa:
"Vazha, umekunywa tena?
Inuka. Inuka, utashikwa na baridi."

"Kata!" Nestani nusura alie.
Vazha alibaki amekufa, kwa ukaidi,
sigara zilikuwa bado hajapewa.

Filamu ilitoka dakika tisa.
Tuliipeleka Tbilisi, kwenye tamasha la wanafunzi;
tulijibiwa mistari miwili, mmoja wa shukrani.
Machi, Lamara akafa. Figo. Wiki moja tu.

Mei tuliionyesha kantini ya wachimba migodi,
shuka la kitanda ukutani,
projekta ya kuazima kwa daktari wa meno.
Watu walicheka pale Tornike alipotaka walie.
Walipiga makofi. Walianza kutafuta makoti.
Otari, mumewe Lamara, alikuwa nyuma, karibu na masufuria,
kofia mkononi.
"Nasikia," alisema, "siku ile alipita."

Nestani alinitazama.
Picha alikuwa amezifuta zamani, kadi ilijaa.
Lakini mimi sauti sifuti. Si busara, ni uvivu.
Nilikuwa nayo kwenye kompyuta, jina lake "ya sita, mbovu."

Tulizima taa.
Shuka likabaki jeupe, halina mtu.
Upepo ndani ya soksi. Hatua kwenye theluji,
zinakuja bila haraka. Zinasimama.
Ganda la mkate linavunjika, tap,
pengine alikuwa ameubana sana.
Kisha yeye:
"Vazha, umekunywa tena?"
Mtu mmoja alicheka, akajizuia.
"Inuka. Inuka, utashikwa na baridi."

Na Vazha, safu ya pili, shati la pasi,
aliyekataa kufufuka mara sita mbele ya kamera,
akainuka.

Alisimama pale gizani, mikono haijui pa kukaa.
Hakuna aliyemwambia keti.

"Rudia," alisema Otari.

Nikarudia. Vazha alikuwa ndiyo kwanza anaketi;
aliposikia jina lake
alishika kiti cha mbele
akainuka tena.