Duara la Bilauri

Toleo la mwisho la *Kizibo* lilichapwa Paris, mwaka ishirini na tisa,
na Wamarekani waliokimbia kiu ya kwao.
Odile alilikuta ndani ya sanduku la viatu vya nyanyake,
mpiga chapa ambaye hakuonja hata tone.

Sasa tuko wanne, chini ya duka la mikate, Belleville.
Thaddeus, aliyefukuzwa baa tatu kwa kubishana kuhusu barafu.
Bohumil anapanga herufi za risasi, mkono ukitetemeka
mpaka aguse chuma. Hapo hutulia tuli.
Mimi nahariri. Niliacha kunywa miaka sita iliyopita;
wananipa ninuse, nami nasema: ndimu imezidi.

Ukurasa wa tisa: jini
(lile la chupani, si la kupungwa),
vermuti, na matone machungu.
Mangapi? Hapo mtu aliweka bilauri yake,
ikaacha duara jekundu, likaimeza tarakimu.

Matatu, asema Thaddeus.
Saba! Nyanya alihesabu kila kitu, lakini hakuwa bahili.
Wakaonja hadi wakanuniana,
wakaonja tena, wakasahau walichonuniana.

Alfajiri nilimkuta Bohumil peke yake
akichonga duara kwenye ubao wa mti wa mpea.
Mhariri, hata hakuniuliza.

Nakala mia mbili, kila moja na alama yake nyekundu,
na pengo ndani yake, upana wa namba.

Siku ya tatu mama mmoja akairudisha yake:
“Mmeimwagia kitu.”
Bohumil alicheka mpaka akakaa chini.