Msuka

Mwaka ule wa foleni za sukari, kwenye karakana ya Moshi,
Fundi Kuwabara alifungua kasha lake refu,
akatoa upanga wa kwao,
akagonga kijiti cha mwanzi kilichobana mpini.
Tiki, tiki. Mpini ukavuka kama soksi.
Makali hakutuonyesha.
Alituonyesha msuka,
pale pasipong'arishwa, penye kutu nyeusi ya miaka,
pasipoguswa na mkono wala kuonwa na adui.
Hapo ndipo palipochongwa jina.

Mimi nilikuwa mtunza stoo. Kazi yangu kuandika:
patasi kumi na mbili, tupa saba, moja haina meno.
Akaniambia, kwa Kiswahili chake kilichopimwa kwa rula,
niandike na haya:
huyu alifundishwa na huyu, naye na huyu;
huyu hakujaliwa mwana, akamlea mtoto wa muuza mkaa;
huyu alikuwa mlevi, panga zake zina nyufa, andika hivyo hivyo;
na hapa (kidole kikasimama) hapa hapana jina.
Mwanafunzi alimalizia kazi ya mwalimu aliyekufa,
akaona haya kutia lake.
"Sasa yupo," nikauliza, "au hayupo?"
Alifuta msuka kwa karatasi laini, polepole.
"Andika yupo."

Jumamosi nikapanda Mamba na daftari la serikali.
Baba alikuwa na springi ya Leyland motoni,
mvua ya Aprili ikitoboa makuti ya migomba.
"Baba, sisi ufundi huu tumeutoa kwa nani?"
"Watu hawahesabiwi kama mbuzi, Aikande."
Akapiga. Akageuza. Akapiga.
Chuma kilipopoa ndipo aliposema, akihesabu vyombo, si watu:
nyundo ndogo ni ya Ndemasi;
mvukuto aliushona Mashingia, ngozi ikaoza,
ikashonwa nyingine, ikaoza, ikashonwa,
na mpaka leo ni mvukuto wa Mashingia;
lile pigo la tatu, la kuvuta chuma kuelekea ncha,
lilikuja na kijana aliyebeba mzigo wa chuma kutoka Upare,
akafika na homa, akalazwa hapo kwenye majivu, hakurudi.
"Jina lake?"
"Tulimwita Mpare."
Akachovya chuma majini, maji yakapiga kelele.
"Ndiye babu yako. Na nyundo usiivuke, ipite kwa nyuma."

Niliandika yote, isipokuwa hilo la nyundo.

Kuwabara alirudi kwao. Karakana ikafungwa, ikafunguliwa, ikawa ghala la mahindi.
Baba tulimzika mwezi wa Julai, wa baridi ile ya kuuma mifupa.
Kesho yake baada ya matanga ng'ombe hakujua kuna msiba,
alitaka majani.
Nikachukua kisu cha mgomba, mpini umepasuka,
nikaugonga, tiki, tiki,
sijui kwa nini nilifanya polepole vile.

Kwenye msuka, chini ya utomvu uliokauka,
nukta tatu za baba, zimenyooka kama maharage kwenye tuta.
Na ya nne. Imepinda, imezama upande mmoja.

Nilikuwa na miaka tisa. Kaka ana malaria,
mimi ndiye niliyevukuta tangu alfajiri, nywele zinanuka moshi,
na baba, bila kunitazama, akaninyooshea nyundo ya Ndemasi:
"Gonga mara moja. Kisha kamwangalie ng'ombe."

Miaka yote hiyo nimekata migomba
jina langu likiwa kiganjani.

Daftari la stoo lina ukurasa mmoja wazi, panya wameonja pembe.
Nimeandika: Ndemasi. Mashingia. Mpare. Baba.
Halafu nikaweka nukta,
kalamu ikateleza,
nikaiacha hivyo.