Ukumbi wa Mtaa wa Wafuma Kitani

Baba alinilea chini ya mbao.
Achiel, seremala wa njia ya baiskeli,
misumari mdomoni, sikio sakafuni,
akiusikiliza msonobari
kama daktari asikilizavyo kifua.
"Hapa panakohoa," angesema,
na kabla ya usiku wa manane ubao umeng'olewa.

Siku sita kila Novemba, usiku na mchana,
wanaume walizunguka bila kufika popote,
na nusu ya Ghent ikalipa kuwatazama
wasifike.
Nami huko chini gizani, miaka minane,
nikiwatambua kwa ngurumo tu:
huyu mzito, yule ana hasira,
huyu kalala, miguu inaendelea kwa mazoea.

Katikati walikula wenye nafasi, kome na mvinyo mweupe.
Roshani ya juu, wafanyakazi wa viwandani
walidondosha maganda ya karanga
kwenye kofia za matajiri,
kwa bahati mbaya,
kila dakika.

Godelieve wa dirisha la tiketi
alijua nani kafutwa kazi kabla mkewe hajajua.
Mzoea kiti akiomba tiketi ya kusimama
alimkatia ya kiti,
akageuka kuhesabu chenji isiyokuwepo.

Majira ya baridi ya vita
baba aling'oa kona ya kaskazini kwa mikono yake,
akagawa kuni: kila mlango ubao mmoja.
Nilimwona akilia? Hapana.
Nilimwona akiandika kwenye daftari
ni ubao upi umekwenda kwa nani.

Amani ikarudi, na mbao mpya, na ngumi za Jumamosi,
na sarakasi yenye ndovu mmoja mzee
aliyejisaidia karibu na mlango wa saba.
Mpaka leo, siku za ukungu,
mlango wa saba unanuka ndovu.
Wageni husema ni mabomba.

Jana alikuja mhandisi wa manispaa, kijana mpole,
ana kidude cha kupima unyevu.
Paa linavuja, viti vimekula kutu,
na mimi nina miaka themanini na mbili.
Nikapiga magoti polepole, nikaweka sikio.

"Hapa panakohoa," nikamwambia.

Akaandika: *sakafu mbovu, ibomolewe.*

Sikumaanisha hivyo.
Anayekohoa, kijana,
yu hai.