Kuambaa, Kuambata

Nilitolewa kidole tumbo nina miaka kumi na tisa,
Tanga, mwaka wa mvua nyingi.
Kovu la nje lilinyauka likawa mstari wa penseli.
La ndani liliendelea na kazi.

Hapa Dundee, miaka ishirini na mbili baadaye,
nimejikunja sakafuni, maharage yanaungua jikoni,
ndipo nikaambiwa: utumbo umegandana na ukuta wa tumbo,
umefumwa gizani kitanzi kwa kitanzi,
bila fundi, bila kipimo.

Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta
hawakulijua tumbo langu.
Lenyewe liliziba ufa
na ukuta likajenga.

Baba alikuwa mtu wa korona
(ile mashine ya mkonge, si ugonjwa),
nyuzi zilimwingia hadi kwenye kope.
Mji huu nao uliishi kwa nyuzi, za juti, za magunia.
Viwanda vimegeuzwa fleti; mimi naishi katika kimoja,
ghorofa ya tatu, dirisha linaangalia dohani
iliyosimama kama mtu aliyesahau alichofuata.
Kumbe nami nilikuja na nyuzi zangu.

Daktari Geddes alichora kwenye karatasi ya kufutia mikono.
"Hizi nitazikata. Ila kila nikatapo
huenda napanda nyingine."
Nikampenda kwa hilo.

Basi utafanya nini?
Akasema atapita kwenye matundu madogo, asinifungue kama begi.
Glavu zisizo na unga.
Matumbo atayashika kama karatasi iliyolowa,
na atayanyunyizia maji, maana yakikauka hukasirika.
Damu haitaachwa ituame.
Kisha kiwambo, chepesi kama utando wa ndani ya yai,
atakilaza kati ya jeraha na jirani yake.
Wiki moja hivi kitayeyuka.

"Na baada ya wiki?"
"Jeraha litakuwa limejifunika. Mara nyingi."

Mara nyingi.
Nikapanda nayo kilima cha Hilltown,
nzito kama mfuko wa viazi.

Usiku huo, nikiwa sili wala sinywi,
nilikaa na lugha yangu.
Kuambaa: kupita ubavuni mwa kitu usikiguse.
Kuambata: kukigusa usikiachie.
Kilichoingia kati ni t peke yake,
mshono mmoja.
Daktari, nifumulie huo.

Dada Mwanahamisi akapiga simu kutoka Pongwe:
jifunge mkaja, ulale, usinyanyue hata sufuria.
Mkaja wenyewe alishautuma, umekunjwa ndani ya gazeti.
Lakini Muuguzi Catriona alinisimamisha asubuhi iliyofuata,
mimi na nguzo yangu ya dripu, kama wachumba wasiozoeana,
hadi dirishani na kurudi, hadi dirishani na kurudi.
Kutembea hakuzuii kila kitu, alikiri,
ila huyaamsha matumbo.
Na kila baada ya saa mbili aliniuliza kama nimejamba,
kwa adabu, kama mtu anayeuliza hali ya mzazi wangu.
Siku ya pili jioni nikamjibu ndiyo.
Wodi nzima ilipiga makofi,
bibi wa kitanda cha nne akalia.

Siku ya saba nilikuwa nyumbani, nachambua maharage.
Nilitega sikio. Hakuna.
Kiwambo kiliondoka kama mgeni muungwana,
hakikubamiza mlango.
Sijui kimeacha nini nyuma yake; picha hazionyeshi,
na Daktari Geddes hakuniandikia hati.

Ngazi za jengo letu ni nyembamba.
Mtu akishuka na baiskeli, mwingine akipanda na mtoto,
kila mmoja hujibana ukutani,
husema samahani, hata asiye na kosa,
wakapishana, asichomoke uzi wa sweta.

Mkono nimeuweka chini ya kitovu.
Piteni hivyo, nawaambia huko ndani.
Ambaeni.