Nukta ya Saba

Hapa Shimanzi chai hainuki chai.
Inanuka vumbi, gundi ya katoni, na mota iliyopata moto.
Kila nusu saa nachukua pakiti tano mkandani,
napima, najumlisha, nagawa kwa tano,
natia nukta.

Karatasi iko ukutani: mstari wa kati,
gramu mia mbili hamsini na mbili;
juu mwekundu, chini mwekundu,
na baina yake nukta zangu, zikipanda, zikishuka,
kama kifua cha mtu aliyelala.

Fundi Nzaro alipokuwa mgeni
kila nukta ilimwasha mikono.
Ikishuka, anakaza. Ikipanda, analegeza.
Hata kukicha, kila pakiti ina lake:
hii imevimba, hii inapwaya.
Nikamwambia, mashine ina mtikisiko wa kuzaliwa nao,
hautibiwi kwa spana. Iache ipumue.

Jana usiku akaniita mwenyewe.
"Mejumaa, hebu tazama. Zote zimo ndani."
Zimo, kweli. Hakuna iliyougusa wekundu.
Lakini chini ya mstari wa kati, moja, mbili, tatu,
mpaka saba, upande mmoja,
kama watu wanaonong'onezana.

Msimamizi Kilonzo akatazama saa;
kontena linangojwa Kilindini.
"Mpaka haujavukwa, mama. Endesha."
Nikabonyeza kitufe, mkanda ukasimama.

Dakika kumi na moja.
Nzaro akainuka kwenye mzani na ganda la vumbi,
gumu kama ukoko,
lililoganda sahanini kidogo kidogo
likijihesabu kuwa nalo ni chai.
Kilonzo hakusema neno. Alitia sahihi.

Asubuhi, Mtopanga, sijavua hata viatu,
nafungua simu.
Batuli wangu yuko Jedda, kazi za ndani, mwaka wa pili.
Hunipigia Ijumaa. Simu huweka hesabu ya dakika:
kumi na tisa, ishirini na mbili, kumi na nane,
kisha kumi na tano,
kumi na nne, kumi na nne, kumi na mbili,
kumi na moja, kumi na moja,
kumi.

Hakuna simu iliyokatika. Hajalia.
"Mzima, mama. Kazi tu."
Zote zimo ndani.

Nimechora nyuma ya karatasi ya sukari,
penseli ikavunjika ncha.
Mstari mwekundu wa mwanangu
sijui niupitishe wapi.
Kuhesabu, lakini, najua.

Leo Jumanne.
Napiga mimi.