Kizimba

Miezi minne na siku kumi nilikaa ndani,
naye akakaa uani, pua chini ya mlango.
Nikikohoa, anasikia. Nikilia,
anajilaza kifudifudi, angoja nimalize.
Mbwa hajui eda. Alidhani
mke wa Faki ndivyo alivyoumbwa: hatoki.

Siku ya kutoka nilikoga, nikavaa buibui jipya,
nikaenda mjini Chake kuulizia mafao ya marehemu.
Narudi adhuhuri. Subhana!
Ndoo tatu vipande vipande,
mlango wa jiko umegugunwa kama muwa,
mkeka wa Bi Raya, ulokwisha kulipiwa nusu,
ukili wake umetapakaa hadi migombani,
na Doria katikati, damu kwenye ufizi,
ananitazama kama niliyefufuka.

"Mbwa wa polisi huyo," akasema Bi Raya juu ya ua,
"mrejeshe polisi."
Nikaenda. Wakaniambia amestaafu.
Mafao yake hayakutajwa.

Bwana mifugo, kijana wa Konde, akaja na pikipiki.
Akatazama mlango, akatazama meno.
"Huyu si mtundu, mama. Ana hofu.
Mtengenezee tundu."
Nikacheka, mara ya kwanza tangu tuzike.

Fundi Shaame akalipiga kwa mbao za mvinje.
"Hiki kizimba," akauliza, "cha kuku au cha mahakama?"
Nikamwambia cha shahidi.
Faki alipoanguka pale bandarini Mkoani,
aliyeshika kamba upande wa pili ni huyu.

Wiki ya kwanza mlango haukufungwa.
Vichwa vya dagaa karibu, kisha ndani, kisha ndani kabisa.
Shati la kazi la Faki, halijafuliwa, nikalitandika chini
(nilipolitoa sandukuni nililinusa mimi kwanza).

Ukifunga, alisema kijana, anza na muda mchache.
Mimi saa sina. Nilihesabu kwa kazi:
muda wa kuchambua kisahani cha choroko,
muda wa birika kuchemka,
muda wa rakaa mbili za dhuha,
nazo zikawa za mbio, Mungu anisamehe,
kwa vile alivyokuwa akilia.
Akibweka usifungue. Ngoja anyamaze, hata pumzi moja,
ufungue kwenye pumzi hiyohiyo.
Na ukitoka usiage.

Hilo la kutoaga nalijua. Faki alilifanya.

Ndoo ya udongo iko kizingitini, maji mara saba.
Sijapata kuwa na mikono misafi kama mwaka huu.
Watoto wa chuoni wanapita wakiimba "Jela! Jela!"
na Wawi nzima inajua kuwa mjane wa sajini
anamsemesha mbwa kwa sauti ya kubembelezea mtoto.
Inajua kweli.

Usiku wa radi aling'oa ubao.
Tukaanza upya, kwenye choroko.

Jana nilialikwa harusi Wete, nikashinda huko.
Nikarudi jua limekuchwa,
nikasimama nje ya ua, sikufungua.
Nikatega sikio nisikie mlio, nisikie kucha.
Kimya.
Nikachungulia: amelala, shavu juu ya kola ya shati,
mguu mmoja unachezacheza,
anafukuza kitu chake mwenyewe, huko aliko.

Ilinipasa nifurahi. Nilifurahi.
Ila, nisiseme uongo, kidogo niliudhika:
nyumba nzima, hapana aliyenililia.

Nikavua viatu, nikakaa kizingitini kwenye giza,
sikuwasha taa,
nikajaribu na mimi,
muda wa kisahani kimoja cha choroko.