Kiti Nambari Moja

Ukumbi wa skuli, Chake, saa mbili kasorobo.
Viti arubaini vimepangwa, mita moja na robo
baina ya kiti na kiti, kama kanuni ilivyotaka,
na mtahiniwa ni mimi peke yangu.

Bwana Thani kavaa tai. Kasimama mbele
ananisomea, kwa sauti ya kufika ukuta wa nyuma:
"Watahiniwa wote wakae kimya.
Mtahiniwa asimpe mwenzake hata kifutio."
Nikageuka. Viti thelathini na tisa
vilikuwa vimekaa kimya sana.

Kitambulisho juu ya meza.
Jina liwe lile la usajili, herufi kwa herufi.
Kwa ncha ya kalamu akahesabu a za baba yangu, Shaame:
mbili, zimetimia.
Mwaka jana ilipungua moja, nikarudishwa.
Ada haikurudishwa.

Kikokotoo kiwe cha aina iliyomo orodhani.
Akakivua kifuniko, akakitikisa, akakitegea sikio
kama mnunuzi wa nazi.
Simu izimwe, itiwe bahasha, bahasha itiwe gundi.

Kabla ya kuzimwa ilikuwa imeshasema:
Bi Mauwa, Vitongoji, alfajiri.
Maziko saa tano.

Ipo kanuni ya misiba, ya kumi na nne, naijua kwa moyo.
Mzazi, mke, mume, mtoto, ndugu wa tumbo moja:
jaza fomu, ambatisha cheti, ndani ya siku tano.
Bi Mauwa hakunizaa.
Mama alipolazwa na homa ya uzazi
yeye alitupakata, kulia mimi, kushoto mwanawe Hemedi,
akatugawia bila kikokotoo.
Kwa ziwa lile Hemedi ni haramu kwangu mpaka kiyama;
kadhi anajua, Vitongoji nzima inajua.
Fomu haijui.
Hata kwenye mirathi maziwa hayana fungu,
wala sikutaka fungu.
Nilitaka kisanduku kimoja cha kutia alama.

"Kazi gani hiyo," aliniuliza mwezi wa Rajabu,
"kuhesabu watu watakufa lini?"
Nikamwambia, Bi Mauwa, hatusemi nani. Twasema wangapi.
Akachambua mchele kimya, akatupa kijiwe.
"Basi mie nitie kwenye hao wangapi."

"Fungueni karatasi," akasema Bwana Thani, kwa wingi.

Swali la tatu lilikuwa jedwali.
Katika laki moja waliozaliwa,
wangapi wamefika sabini na moja, wangapi sabini na mbili.
Nikatoa. Elfu mbili na kitu.
Nikalipigia jibu mstari kwa rula.
Mmoja wao namjua jina.

Swali la tano: maisha mawili.
*Chukulia kwamba maisha haya hayategemeani.*

Mtahiniwa mwenye haja anyanyue mkono.
Nikanyanyua.
Bwana Thani akaja, viatu vikilia katikati ya viti vitupu.
Nilitaka kumwambia swali limekosewa.
Msimamizi haruhusiwi kufafanua swali, na hilo pia nalijua.
"Karatasi ya ziada," nikasema.

Akaniangalia usoni. Akaleta karatasi,
kisha akatoa leso mfukoni mwake,
akaikunjua, akaionyesha huku na huku,
pande zote mbili, kwa vile viti thelathini na tisa,
vishuhudie kwamba haina maandishi,
akaiweka juu ya meza yangu.

Nikachukulia.
Uwezekano wa mmoja kuishi, mara uwezekano wa mwingine,
alama nane.

Saa tano kamili.
Huko wanaume wameshalinyanyua jeneza,
wanawake wamebaki mkekani
na pahala pangu pamekaliwa na mtu, au pa wazi, sijui.
"Zimebaki dakika kumi na tano," akatangaza Bwana Thani,
safari hii kwa sauti ya mtu mmoja.
"Kuanzia sasa hakuna anayeruhusiwa kutoka."

Sikutoka.